Nilipompeleka Mzee Chacha Mnadani Bila Fimbo

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi, mwanasaikolojia, mtu ninayelipwa mshahara kutibu hofu za watu, nilipanda juu ya uzio wa mnada wa ng'ombe nje kidogo ya Mugumu, koti jeupe limenasa kwenye msumari, na aliyenishusha ni mgonjwa wangu.

Mgonjwa mwenyewe ni mzee Chacha, mfugaji wa upande wa Morotonga, ambaye mwaka jana dume lake la ng'ombe lilimtupa likamvunja mbavu mbili, mbavu zikapona, lakini kila akisogelea zizi mwili unatetemeka, jasho linamtoka, pumzi inakata, anarudi ndani kujifungia. Wadogo zake walishamwambia wazi kwamba kama mvua zitaanza hajaweza kuingia zizini, watawahamishia ng'ombe kwao. Kwa Mkurya wa umri ule hiyo ni sawa na kuambiwa wewe si mwanaume tena, na aliniambia hivyo hivyo, macho yakiwa sakafuni.

Tiba yenyewe haina miujiza. Mnapanga orodha ya vitu anavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa, halafu anavikabili hatua kwa hatua, na kila hatua anakaa hapo hapo, hakimbii, nami namuuliza hofu ni ngapi, sifuri hadi kumi, mpaka mwili ujionee kwamba hofu hupanda halafu hushuka yenyewe. Tulianza na picha za ng'ombe kwenye simu yangu, tukaja kusikiliza sauti zao, tukaja kusimama ng'ambo ya barabara ng'ombe wa jirani wakipelekwa mtoni. Mzee alikuwa anakwenda vizuri. Hatua iliyofuata ilikuwa kumshika ndama, zizini kwake, na hapo ndipo nilipoharibu: nikasema mvua zimekaribia, turuke hatua tatu, twende mnadani. (Ukweli ni kwamba ndama angenilazimu na mimi niingie zizini, na mimi nimekulia Mwanza mjini, ng'ombe namjua kwenye sahani. Mnadani nilidhani nitasimama mbali.)

Nikamwambia pia aache fimbo nyumbani, kwa sababu tunafundishwa kwamba mtu akishikilia kitu cha kumlinda ataamini ni hicho kilichomwokoa. Akaniangalia sana.

"Daktari, mnadani bila fimbo?"

Nikasema ndiyo, bila fimbo. Mimi nikavaa koti langu jeupe la hospitali, nionekane mtaalamu.

Sasa kule mnadani mtu wa koti jeupe ni mmoja tu, daktari wa mifugo, na mwanaume asiye na fimbo anayemfuata nyuma ni msaidizi wake, mfugaji hawezi kuwa. Hatujamaliza hata salamu watu wakatuzunguka, huyu anataka kibali cha kusafirisha, yule ndama wake anaharisha, mpaka babu mmoja akanishika mkono akatuingiza ndani ya uzio kabisa, kwenye dume jeusi ambalo alisema halijala tangu juzi, nilitazame mdomoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba mifugo siijui, mimi natibu watu wenye hofu. Babu akafikiri kidogo.

"Basi ni wewe hasa," akasema. "Hili nalo linaogopa watu."

Watu wakacheka, dume likashtuka, likanigeuzia kichwa, na elimu yangu yote ikanitoka. Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka niko juu ya mbao, moyo unapiga hadi masikioni, mnada mzima umesimama kunitazama, na kuna mtu anasema kwa Kikurya maneno ambayo nashukuru siyaelewi. Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, na sikuwahi kujua kwamba hilo linawezekana.

Mzee Chacha alibaki chini, karibu kabisa na dume, mikono mitupu, anatetemeka waziwazi. Hakukimbia. Akavuta pumzi akaitoa taratibu kama tulivyozoea ofisini, akarudia, akarudia tena, halafu akanyoosha mkono, akashika kamba ya dume, akamkabidhi babu. Kisha akaja pale nilipo.

"Binti yangu, usiruke. Kaa hapo hapo kwanza, itashuka. Sasa hivi ni ngapi?"

"Kumi," nikasema.

Akasubiri. Akauliza tena, nikasema nane, akasubiri tena, na nilipofika nne ndipo akanasua koti na kunipa mkono.

Wiki ile ile aliingia zizini kwake, na wadogo zake hawakurudi tena na maneno yao. Nilimwomba msamaha kwa kuruka hatua.

"Mwaka mzima nilidhani ni mimi tu," akasema. "Nilipokuona juu ya uzio nikajua ni mwili tu."

Hatua siruki tena, hata mvua ikiwa mlangoni. Na kabla sijamuuliza mgonjwa anaogopa nini, namwambia kwanza kwamba mimi naogopa ng'ombe. Wengi wanacheka, halafu wanaanza kuzungumza.