Niling'oa Nusu ya Viazi vya Mama Akello

Kosa ni langu, si la mvua wala la nyasi. Nimenyamaza miezi mitano, sasa nimeshindwa.

Jirani yangu hapa Makindye, Mama Akello, ni mjane wa mwanajeshi. Alikuwa analima kipande alichoazimwa na mwenye nyumba wetu kwa sharti moja: pasiwe pori. Na pale palijaa lumbugu, zile nyasi ambazo ukizing'oa leo, mizizi iliyobaki chini inachipua tena. Yeye hakupiga dawa. Alipanda viazi vitamu kwa kubananisha ili majani yafunike ardhi, nyasi zikose jua.

Mimi nina digrii, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Nikamwuliza amejuaje kwamba ni viazi vinavyoua nyasi, si jembe lake. Akacheka.

"Wewe mtoto wa yunivasiti, mimi sina karatasi. Kaulize lumbugu."

Basi dada yake akaugua huko Gulu. Akaenda kumuuguza, akaniachia shamba nilitazame. Nami nikaona nafasi! Nusu ya juu niliacha viazi, nusu ya chini nikang'oa vyote, nipate kulinganisha. Hata simu ya kumwomba ruhusa sikupiga.

Mvua zikaja. Juu, majani yalitanda, lumbugu huioni. Chini, wiki chache tu, nyasi zilimeza kila kitu. Nilizing'oa mpaka viganja vikachubuka, zikarudi. Nilikuwa nimepata jibu langu. Mwenye nyumba naye akaona pori, akampa kipande mtu wa kuosha magari.

Mama Akello aliporudi alishuka mpaka ile nusu ya chini. Nilikuwa nimepanga kusema kila kitu. Akanitangulia.

"Huku chini nilipanda vibaya. Mikono imezeeka, mwanangu."

Nikajibu, "Labda, mama."

Labda! Neno hilo linanitesa kuliko hata kule kung'oa.

Jioni aliniletea sahani ya viazi alivyowahi kuvichimba katika ile nusu ya juu, asante ya kumtunzia shamba. Nilivila. Tangu siku hiyo hajapanda kitu, hata sukuma wiki kwenye gunia.

Ninyi mnaohoji kila kitu kama mimi, hojini, lakini jaribuni kwenye udongo wenu. Na mkiharibu, semeni kabla mwenye shamba hajajilaumu. Mlango wake uko hatua kumi kutoka hapa ninapoandika, na bado sijaugonga.