Baluni za Utomvu wa Mbungo

Jamani, hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka chekeni polepole, kwa sababu mpaka leo nikipita sokoni Garsen kuna watu hunisalimia huku wameficha mikono.

Siku hiyo Mzee Komora, babake Zuhura, alikuwa anakuja kutoka Minjila kuniangalia, aamue kama nitapewa binti yake au la. (Alishaambiwa mimi ni mtu wa maneno mengi. Sijui na nani.) Zuhura akanisihi, "Pamba nyumba kidogo, weka hata baluni, na tafadhali usinitie aibu." Baluni madukani zimejaa, lakini mimi nilikuwa nimetazama video kwenye simu, nikaona kiwandani wanachovya vyuma vyenye umbo la kidole kwenye utomvu wa mpira, unaganda, wanauvua, baluni hiyo! Nikasema ninunue ya nini, na mibungo, yenye utomvu wa mpira kama huo, iko tele huko msituni?

Basi nikachanja mbungo, nikajaza utomvu kwenye bakuli, nikakamulia ndimu ugande upesi, na kwa vile vyuma sina nikachovya vidole vyangu, vyote vitano vya mkono wa kulia (wa kulia, jamani, akili ilikuwa wapi?). Kumbe wale wa kiwandani, kabla ya kuchovya, walipaka kitu cha kuzuia mpira usishike, na hapo mimi nilikuwa nimesogeza video mbele.

Navuta, hautoki. Nakwangua, wapi! Mara, "Hodi!" Mzee huyo mlangoni, mkono ameshaunyoosha. Nimpe wa kushoto? Mkwe? Nikampa huohuo.

Tukashikana. Mzee akavuta, nikaenda naye.

"Kijana, niachie."

"Baba, si mimi, ni baluni."

Mamangu kutuona, "Wewe mtoto wewe!" Akakimbilia mafuta ya nazi, yameisha, akatoka mbio kwa jirani. Tukabaki mkekani mimi na mzee, tumeshikana kama maharusi, na moyo unaniuma kweli, maana nilijua Zuhura nimemkosa. Kwa kukosa la kufanya nikamweleza yote, tangu video.

Mzee akaitazama ile mikono yetu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka machozi, akayafuta kwa mkono uliobaki.

"Nilikuja kukukataa niende zangu," akasema. "Sasa ningeendaje?"

Mafuta yakaja, mikono ikaachana, na Zuhura nikapewa. Baluni za harusi nilinunua, na naapa sitachovya tena kidole hata kwenye uji. Ila mkwe wangu mkono hanipi, akiniona tu anaupunga kule mbali: "Aleikum salaam, hapohapo ulipo!"