Nilichoma solder katikati ya maombi, Kawangware

Wakuu niaje. Hii story ni yangu mwenyewe, sijaskia kwa mtu na sijaongeza chumvi. Mahali mtaona haiwezekani, jueni hapo ndio ukweli umekaa zaidi.

Mimi ni fundi wa vitu za stima. Niko na kibanda Lindi, kule Kibera. TV, woofer, microwave, chochote iko na board mimi nafungua.

Niko na dem anaitwa Wambui. Tumekuwa pamoja kitambo, nikamwambia nataka wazee wetu watoke Western wakuje kwao kupiga hodi, waniombee mchumba. Shida ilikuwa mamake. Mathe ako na ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, amelea watoto peke yake tangu mzee wake afariki, na hakutaka kuskia mambo ya fundi wa Kibera. Wazee wangu wangefika kwa gate na warudi vile walikuja.

Sasa washing machine ya mathe ikaanza kuzima katikati ya kufua. Wambui akaniambia, "Hii ndio chance yako. Usiharibu."

Hapa lazima nieleze kitu. Kwa hiyo nyumba kitu ikiharibika, wa kwanza kuitwa si fundi, ni pastor. Pastor alikuwa ashakuja kutoka mtaa wa Satellite, akaiombea, akaimwagia mafuta ya upako pale juu kwa buttons. Mafuta ikapenya ndani. Kutoka hiyo siku mashine ikawa inalia piii na kujiwasha yenyewe hakuna mtu ameigusa.

Wakasema pepo limekasirika.

Nilipofika nilipata wameifunga kwa grill ya dirisha na kamba ya kuanika nguo, isitoke. Sikucheka. Nilitaka sana lakini mathe alikuwa ananiangalia.

Nikafungua kamba, kisha mashine. Board imelowa mafuta, vumbi imeshika, na chini ya button ya kuwasha kuna mende wamekauka hapo kama omena. Mende nikaweka kando, board nikasafisha na spirit na mswaki. Ile shida ya kwanza ya kuzima nayo ilikuwa solder, ile risasi ya kushikanisha, imepasuka kwa relay, ile kitu inapitisha stima ya motor. Kazi ndogo tu.

Nikachomeka soldering iron ipate moto. Hapo ndio pastor akaingia tena, na wamama wa fellowship nyuma yake. Mathe akasema hakuna kuendelea kabla ya maombi. Macho tukafunga.

Wakuu, huyo pastor anaombanga. Alianzia kwa Adamu. Mimi nimepiga magoti mbele ya mashine, chuma ya moto mkononi, board iko hapa karibu na pua. Nikajiambia Mungu anaona moyo. Nikafungua jicho moja nikaanza kuchoma solder polepole.

Moshi ikaniingia kwa macho. Machozi, kamasi, kila kitu ikatoka. Mama mmoja akaniskia nikivuta kamasi akasema, "Mguse, Bwana, mguse huyu kijana." Wakaongeza volume.

Walipofika kwa pepo za mashine nilikuwa narudisha board. Amen ilipata nimechomeka plug na kubonyeza button. Mashine ikalia piii, maji ikaingia, drum ikaanza kuzunguka smooth kabisa.

Pastor alishtuka kuliko sisi wote.

Wakaimba mpaka wapangaji wakatoka kuangalia. Pastor akapewa shukrani, akafungashiwa ndizi na unga. Mimi hata asante sikupata. Niliskia vibaya, siwezi danganya. Na ushahidi kwamba haikuwa pepo nilikuwa nao mkononi, zile mende. Lakini nitoe mende ya mathe mbele ya wamama wa kanisa yake? Nikazifunga kwa tissue, nikatia mfukoni, nikanyamaza.

Wageni walipoenda, mathe akaniita jikoni. Akanipimia chai.

"Mimi huomba macho yakiwa wazi," akasema. "Tangu mzee aende, mtu akiingia kwa nyumba yangu lazima nimwangalie."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Nilikuona ukichoma choma hapo. Na nikaona vile umezificha zile mende. Pastor amesifiwa, wewe ndio umefanya kazi, na hukufungua mdomo. Baba Wambui alikuwa mtu wa hivyo." Akapangusa macho na leso. "Ambia wazee wenu wakuje. Lakini si Jumapili, nakuwanga kanisa."

Chai nikaiacha mezani. Nilienda mpaka kwa gate bila toolbox, Wambui akanikimbiza nayo.

Funzo ni hili. Mimi nilienda kumwonyesha mathe vile najua kazi, na mafundi Nairobi wamejaa. Yeye alikuwa anataka kujua kama nitamwaibisha.

Nyinyi je, mama mkwe alikupima na nini? Wekeni hapo chini tusome. Na kama huyo pastor ako humu ndani, tafadhali asimwambie mtu.