Sponji Isiyooshwa

Leo, katika duka la samaki wa mapambo huko Ngara, muuzaji amekamua sponji ya kuchujia maji ya tangi, na ile harufu ya matope imenirudisha sebuleni kwetu, mtaani Woodley, nilipokuwa mtoto.

Nilikuwa nimepewa tangi jipya la kioo, nikiwa na hamu ya kufuga samaki. Jirani yetu Mhindi alituletea sponji nyeusi kutoka tangi lake.

"Mama, usioshe hii," alimwambia mama yangu. "Huu uchafu ndio utasafisha maji, una vijidudu vizuri. Kila siku uvitilie chakula kidogo, ungoje. Ukiosha, samaki wa mtoto watakufa."

Mama alikuwa mtu wa kusugua hata sufuria safi. Aliishika kwa vidole viwili, akaizamisha. Wiki zikapita. Shangazi alimkuta akinyunyizia chakula maji matupu, yenye ukungu.

"Kwani siku hizi mnafuga maji?"

"Tunafuga. Wewe kunywa chai."

Mara nyingi nilimwona amesimama mbele ya tangi, kitambaa mkononi, kisha akarudi jikoni bila kugusa kitu.

Hatimaye jirani alipima maji, akaturuhusu kutia samaki wawili. Asubuhi nilimkuta mama ameketi akiwatazama wakiogelea, kitambaa begani.

Nimehama nyumba nyingi tangu hapo, na sasa nina tangi jipya tena. Nimemwomba muuzaji anifungie kipande cha sponji, asikioshe.