Boti ya Shemeji Ilivyotaka Kunipeleka Baharini

Leo gari langu limenitia aibu mbele ya ufukwe mzima wa Bagamoyo.

Wiki nzima nimebishana nanyi humu kundini kwamba hili gari langu dogo la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, linaweza kuvuta boti ya shemeji. Mkasema boti ni nzito mno. Nikawaita waoga.

Basi asubuhi nimefunga tela, nikapita katikati ya akina mama wakaanga samaki bila kumsalimia mtu. Nilikuwa na hoja ya kuthibitisha!

Nikashusha tela hadi majini, nikaipandisha boti juu yake, kisha nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazama mchangani. Boti ikaanza kunivuta mimi. Na maji yanajaa, yameshafika kwenye bomba la moshi.

"Jamani, njooni tusukume!"

Hakuna aliyeinuka. Bi Mwajuma, mkubwa wao, akageuza samaki wake taratibu.

"Mwanangu, umeamkaje?"

Nikashuka, maji magotini, nikaanza upya. Shikamoo Bi Mwajuma. Shikamoo mama. Dada, watoto hawajambo? Mmoja mmoja, hadi wa mwisho, na bahari inapanda!

Ndipo wakaja. Gari na boti vikatoka pamoja.

"Tukuache hapa," akauliza Bi Mwajuma, "au tukusukume mpaka kwako?"

Haya, wabishi wangu, semeni.