Mkate wa Mikono ya Anti

Kama unakula sasa hivi, weka chini kwanza, kwa sababu nitakusimulia habari ya mkate ulioota manyoya. Mimi mwenyewe ni mwezi wa pili huu sijala mkate wa dukani. Nikiuona tu kwenye rafu, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Jirani yangu Henriette ni mtu wa Bukavu, mimi ni wa Buyenzi, Bujumbura. Tunaishi flati moja hapa Umbilo, Durban, familia mbili: yeye na binti yake Tina chumba cha mbele, mimi na binti yangu Iteka chumba cha nyuma, jiko moja, choo kimoja. Ukitaka kumjua mtu, gawana naye choo. Miaka sita nimegawana na Henriette na sijawahi kukikuta kichafu hata siku moja, na mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Waulize wateja wangu kule saluni.

Huyu mwanamke ana ugonjwa wa usafi. Kikombe anakiosha kabla ya kunywa, anakiosha baada ya kunywa, kisha anakikagua kama mtu anayetaka kukinunua. Kucha anakata kila Jumamosi, za kwake na za Tina, na siku hizi hata za Iteka, bila kuniomba ruhusa. Kwao alifanya kazi maternite, pale wanawake wanapojifungulia, miaka kumi na moja anasaidia wakunga kupokea watoto. Anasema sista mkuu akikukuta na uchafu chini ya ukucha, siku hiyo unarudi nyumbani. Huku Durban alianza kwa kulinda magari nje ya maduka, Queensburgh, jua lake na mvua yake, mpaka akapata kazi ya usafi katika shule moja ya msingi isiyo mbali na kwetu. Shule yenyewe siitaji jina, wenyewe wanajijua. Anaosha vyoo vya watoto. Watoto zaidi ya mia tano, na wengine wanajisaidia kila mahali isipokuwa kwenye tundu. Nisamehe, lakini ndiyo hali ilivyo. Kuna siku Henriette anarudi nyumbani hawezi kutia kitu mdomoni.

Sasa sikiliza hii. Kwenye vyoo hivyo hakuna sabuni. Tangu Januari hakuna. Vile vyombo vya kutia sabuni vipo ukutani, vikavu, kimoja mtoto ameficha ubani uliokwisha kutafunwa ndani yake. Henriette ameuliza ofisini mara mbili, akaambiwa iko kwenye mpango. Kwa hiyo ana kipande chake mwenyewe cha sabuni ya kufulia, ile ya kijani, amekifunga kwenye kitambaa, anakaa nacho mfukoni mwa ovaroli. Akivua glavu ananawa mpaka kwenye viwiko, utadhani bado yuko Bukavu na kuna mtoto anataka kutoka.

Tina anasoma shule hiyohiyo, gredi ya nne, darasa moja na Iteka wangu. Nafasi aliipata kwa sababu mama ni mfanyakazi wa pale, maana sisi wenye karatasi za ukimbizi unajua tunavyozungushwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kamba ya Henriette ilikuwa hii: shuleni, Tina hamwiti mama. Anamwita Anti, kama watoto wote wanavyowaita wanawake wa usafi. Si Tina aliyeanzisha. Alipokuwa gredi ya kwanza wenzake walikuwa wakiziba pua akipita, wakisema ananuka choo, na Henriette mwenyewe akaamua kwamba mtoto akishavuka geti, yeye ni Anti, basi. Tina alilia wiki moja, kisha akazoea. Mimi sikupenda. Nilimwambia Henriette kwamba mtoto ukimfundisha kukukana, kuna siku atakukana bila kuombwa. Akanijibu niende nikasuke nywele.

Basi ukaja muhula wa baridi. Mwalimu wao, watoto wanamwita Mem, ni mgeni, aliingia mwanzo wa mwaka. Kijana, nadhifu, tabasamu halimkauki, na hajui nani ni mtoto wa nani. Somo la muhula lilikuwa vijidudu na kunawa mikono. Watoto walichora sabuni. Waliipaka rangi. Walitunga wimbo wa sabuni, Iteka akatuimbia hapa jikoni mpaka nikachoka. Sabuni yenyewe, eish, hakuna. Nilimwambia Iteka amwulize Mem kuhusu hilo, akaniambia halimo kwenye kitabu.

Kisha wakafanya jaribio la mkate. Vipande vitano vya mkate mweupe, kila kimoja kwenye kimfuko chake cha plastiki, mkate wa kunywea chai kabisa, uachwe uoze, na mle darasani kuna watoto wanaokuja asubuhi tumbo tupu. Cha kwanza hakikuguswa na mtu. Cha pili alikishika mtoto aliyenawa. Cha tatu alikishika mtoto aliyetoka mapumziko bila kunawa. Cha nne walikisugua kwenye kibodi ya kompyuta. Cha tano ndicho kilichonipandisha presha. Mem alichungulia kwenye korido, akamwona Henriette anadeki, akamwita aje awasaidie. Akamwambia avue glavu ashike mkate. Na hata kipande cha maana hakumpa. Alimpa ile ncha ya mkate, kipande cha mwisho chenye ganda upande mzima, ambacho watoto walikuwa wameshakikataa.

Henriette akavua glavu, akaenda kwenye bomba la korido, akanawa kwa sabuni yake, kwa sababu hiyo ni desturi yake hata akitaka kushika kitasa. Mem alikuwa anaandika stika, hakuona, au aliona na hakujali. Henriette akarudi, akashika mkate kwa mikono miwili, na darasa zima likafanya "yuuu". Stika ilikuwa ya wino mwekundu: Mikono ya Anti wa Choo. Mifuko ikabandikwa ukutani karibu na dirisha. Iteka alinisimulia jioni nikiwa namsuka, nami nikamwuliza Tina alifanya nini wakati huo. Akasema Tina alikuwa anatafuta kitu kwenye begi mpaka Anti alipotoka.

Ptu! Mwanamke aliyepokea watoto wa watu kwa mikono hiyo, leo mikono yake ndiyo mfano wa kinyesi. Nikasema kesho asubuhi niko kwenye geti la shule, na huyo Mem atanijua mimi ni nani. Henriette alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho.

"Mama Iteka, uniachie kazi yangu," akasema. "Na Tina umwachie shule yake."

Basi asubuhi nikaenda saluni badala ya getini, na hiyo kwangu mimi ni kazi.

Wiki tatu tukaishi na mkate ule. Baridi ya hapa si ya kuua mtu, dirisha lile linapigwa na jua, kwa hiyo ukaoza vizuri, na Iteka ananiletea habari zake kila siku wakati wa kula. Wa mtoto asiyenawa uliota manyoya ya kijani, kisha yakawa meusi. Wa kibodi uligeuka njano, ukatoa maji. Wa mtoto aliyenawa nao ukaota madoa kila palipopita kidole, na usiote kwa nini, kama alinawa kwa maji matupu? Ile ncha ya Henriette ilikuwa nyeupe vilevile kama siku ya kwanza, sawa na kile kipande ambacho hakikuguswa. Watoto wakaanza kunong'ona. Mmoja akamwuliza Mem kama ina maana Anti ndiye msafi kuliko wote mle ndani. Mem akacheka, akasema majaribio wakati mwingine hukosea.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na bango la jaribio Mem alishalichapisha tangu muhula unaanza, pamoja na majibu yake: mkate wa mikono ya choo ndio unaooza kuliko yote. Unajua alifanya nini? Jumatano, mbele ya watoto thelathini na wanane, alibandua stika. Ya Anti akaihamishia kwenye mkate wenye manyoya meusi. Ya mtoto aliyenawa akaipeleka kwenye ule mweupe wa Anti. Ya asiyenawa ikaangukia ule wa madoa. Akawaambia ni kupanga tu, ili wazazi waelewe somo. Kisha akaandika ubaoni, nao wakanakili: mkate ulioshikwa na Anti wa choo ndio uliooza kuliko yote.

Nilimfungulia Iteka daftari, nikamwuliza kama kweli mkate uliooza ulikuwa wa Anti. Akasema hapana, wa Anti ni ule mweupe. Nikamwuliza sasa kwa nini ameandika hivi.

"Hilo ndilo jibu, mama," akasema.

Hakuona aibu. Mtoto wangu, niliyemwita Iteka kwa sababu kwetu ni jina la heshima, ananiambia uongo ndilo jibu, na ana hamu ya kwenda kutazama katuni. Hilo ndilo walilojifunza muhula mzima. Nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwenye choo chochote.

Henriette naye hukagua madaftari ya Tina kila jioni, hapo hapo jikoni penye taa nzuri. Nilimwona akiufikia ule ukurasa. Mwandiko wa Tina umenyooka, na pembeni Mem alikuwa ameweka nyota. Aliusoma mara mbili. Akafunga daftari, akaenda kuosha sahani ambazo mimi nilikuwa nimeshaziosha. Tina alikuwa amesimama mlangoni anangoja kuchapwa au kusemwa, na hakuna kilichokuja. Ningekuwa mimi ningemchapa, nasema kweli, na ningekosea, maana wangu aliandika yaleyale.

Ijumaa nilifunga saluni nikaenda. Viti vidogo, makalio yetu makubwa, juisi ya unga kwenye vikombe vya karatasi. Henriette hakukaa na wazazi. Alikuwa mlangoni na ndoo yake, amevaa glavu, kwa sababu kuna juisi ilimwagika na siku hiyo ofisi ilimtaka Anti, haikumtaka mzazi. Mem akawaita watoto mmoja mmoja waeleze mkate. Wa mwisho, ule mweusi, akampa Tina, kwa kuwa anasoma vizuri.

Tina alisimama na kimfuko mkononi. Alimtazama mama yake, akatazama daftari, akasoma yale waliyonakili ubaoni. Alisoma yote mpaka mwisho na sauti haikukwama hata mara moja. Wazazi wakafanya "yuuu" kama watoto wao, baba mmoja akaziba pua kabisa, kisha wakapiga makofi. 

Mem akamshukuru Tina, akageuka mlangoni na tabasamu lake. "Anti," akasema, "sasa unaweza kutuondolea huu uchafu."

Henriette akaja mpaka ukutani. Akabandua mifuko mmoja mmoja, akaitia kwenye ndoo. Ule mweupe wenye ganda hakuutia. Aliuweka juu ya dawati, ule upande wenye ganda ukitutazama, na kila mtoto mle darasani alijua ncha ya mkate alipewa nani. Kisha akavua glavu, akatoka. Tukasikia bomba la korido linafunguliwa. Lilimwaga maji muda mrefu. Akarudi mikono imelowa mpaka viwiko, akafungua mfuko, akamega kipande cha mkate wa wiki tatu, akatia mdomoni. Ulikuwa mgumu, tulimsikia anavyoutafuna. Akameza.

"Huu ndio wangu, Mem."

Mem akaanza kusema jambo kuhusu bango, lakini nani alikuwa anamsikiliza? Tina alikuwa anapita katikati ya viti, anagonga magoti ya watu, ule uozo bado ameushika. Aliuacha juu ya meza ya Mem, karibu na kikombe chake. Akaenda kusimama mbele ya Henriette, akanyoosha mkono.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kusomea, "nipe na mimi."

Tangu gredi ya kwanza hakuwa amemwita hivyo ndani ya geti lile. Mtu nyuma yangu akauliza kama huyu kweli ni mama yake, na Iteka akamjibu ndiyo, kwa nguvu, mpaka nikamshika bega. Nilidhani Henriette atalia. Mimi nilishaanza. Yeye alikuwa anatazama vidole vya mtoto, vilivyotoka kushika ule mfuko.

"Umenawa?" akamwuliza.

Tina akatikisa kichwa. Akasema chooni hakuna sabuni, na hilo alilisema kwa Kiingereza, wazazi wote wakasikia.

Henriette akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa kile kitambaa, akakifungua, akampa mwanawe sabuni.