Kompyuta Iliyopepewa kwa Ungo

Nilifika Kisaka Jumamosi mchana nikitokea Ikoma, begi mgongoni, tumbo likiulizia ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Dada yangu hakunipa hata maji. Alinidaka mlangoni akanishika mkono.

"Afadhali umekuja. Imekufa tangu asubuhi."

"Imekufa nini?"

"Kompyuta, mura, kaka yangu! Kompyuta!"

Nikacheka kwa furaha, naye akanikazia macho kama mtu aliyechekewa msibani. Hakujua alichoniamshia. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimechimba dhahabu Kerende, nimebeba mizigo ya wageni hotelini kule karibu na geti la hifadhi, lakini kazi ambayo bado naiota ni ile ya Sirari, nilipokuwa kijana wa kuchoma nyimbo kwenye sidii. Kompyuta za lile duka zilikuwa kuukuu, na mwenye duka alikuwa bahili wa kuita fundi. Zikizimika tulizifungua wenyewe, huku wateja wa pande zote mbili za mpaka wakitutukana kwa kuchelewa. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Sasa nikahisi vidole vyangu vinawasha.

"Bisibisi iko wapi?" nikauliza.

Dada ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisani kwao. Kesho yake kwaya zilikuwa zinakutana Mugumu kushindana, na kwaya yake ilitegemea nyimbo tatu zilizopigiwa kinanda na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na serikali. Mwalimu yule alikuwa amehamishwa, akaondoka na kinanda chake. Midundo yake ilibaki ndani ya kompyuta ya dada, na kwingine haikuwepo.

"Hamkuweka kwenye flashi?"

"Iliwekwa. Nikaifua pamoja na sare."

"Na kwenye simu?"

Akanichezea kwenye simu yake walichorekodi mazoezini. Nikamsikia jogoo, nikamsikia mtoto akilia, na kinanda kwa mbali sana, kama kinapigwa kijiji cha pili.

"Hiyo ndiyo niende nayo Mugumu? Wale wa Ikoma wana mpiga ngoma wao mzima mzima. Watatucheka mpaka Krismasi."

Shemeji yangu, mume wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo katikati ya magoti. "Shemeji," akaniambia, "ng'ombe akianguka akainuka, akaanguka akainuka, sisi hatumwiti fundi. Tunaleta kisu."

"Wewe nenda kwa ng'ombe zako," dada akamjibu bila kugeuka.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imevalishwa. Dada anafuma sana, na nyumbani kwake hakuna kitu kinachokaa uchi: makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake chenye shanga. Kompyuta ilishonewa vazi la sufu la waridi lililofunika lile boksi tunaloliita sipiyu kuanzia juu mpaka chini. Nikamwomba aiwashe nione. Taa ikawaka, kioo kikaonyesha maandishi ya kwanza, halafu kimya. Akawasha tena. Safari hii hata maandishi hayakufika.

"Huwa unaivua hili vazi ikiwa inafanya kazi?"

"Niivue kwa nini? Vumbi lote hili la barabarani! Na mgeni akiingia?"

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa boksi. Ndani kulikuwa na kiota. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na sufu ya waridi, na feni ndogo ya kupoza moyo wa mashine ilikuwa imejiviringishia nyuzi mpaka haizunguki. Vazi lilikuwa limeiziba pumzi, kisha likaanza kuingia ndani uzi mmoja mmoja.

"Dada, umeinyonga kwa sweta."

Shemeji alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Dada hakucheka. Alipiga magoti kando yangu, akaanza kuchomoa nyuzi kwa sindano yake ya kufumia, taratibu, midomo imebana. Mimi nikafuta vumbi kwa brashi ya viatu iliyooshwa na kukaushwa. Tulipomaliza, nikawasha. Kioo kikaja! Picha ya kwaya yao yote imesimama mbele ya kanisa ikatokea, dada akapiga kigelegele, na nyumba ikajaa. Wanakwaya walikuwa wamekuja mazoezini, wakakimbilia ndani na ungo na vikapu walivyotoka navyo kazini.

Na dada yangu, kwa mkono uliozoea, kwa sababu wageni wameingia, akaichukua ile sufu akaifunika kompyuta tena.

"Toa!" nikapiga kelele. Nikaitoa mwenyewe, lakini kompyuta ikazima. Nikachungulia ndani. Kosa halikuwa la vazi peke yake: feni ilikuwa safi, lakini haikuzunguka kabisa. Mota yake ilikuwa imeungua. Feni nyingine ingepatikana Mugumu, Jumatatu.

"Basi," dada akasema polepole. "Tutaimba kavu."

Mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima niliyekuwa nimemwamkia shikamoo wakati anaingia, akasogea akatazama kile kifeni. "Hiki kazi yake ni nini, baba?"

"Kupepea, mama. Moyo wake ukipata moto, inazima."

"Kupepea tu?" Akachukua ungo wake aliokuwa akipepetea ulezi, akaukung'uta nje, akarudi. "Washa."

Tukaiacha ipoe kwanza. Kisha nikawasha, na mama akaanza: mkono mpana, mzito, usiokosea mapigo, upepo ukiingia moja kwa moja kwenye kile kifua kilicho wazi. Kioo kikaja. Kikakaa. Shemeji akaleta flashi yake yenye mahubiri, nikaichomeka, nikaanza kuhamisha. Mstari wa kijani ukatambaa kama konokono.

"Usilegee, mama!"

"Nilegee mimi? Nimepepeta kabla hujazaliwa!"

Alipochoka akapokea wa pili, bila mapigo kukatika, kisha wa tatu. Shemeji naye akasimama akapepea kwa kofia yake, akaambiwa akae, anaharibu upepo. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu mstari ukasimama karibu na mwisho na sote tukaacha kupumua, isipokuwa ungo. Halafu ukafika.

Nilichomoa flashi nikaichomeka kwenye sabufa. Kinanda cha mwalimu wa Mbeya kikajaa nyumba nzima, safi, hakuna jogoo. Mama wenye ungo wakaanza kuimba palepale, wengine wakilia, wengine wakirukaruka, na mimi nimekaa sakafuni na bisibisi, nimesahau kabisa kuwa tangu asubuhi sijala.

Dada aliinua mkono, akakata wimbo.

"Sauti ya pili mmechelewa kuingia," akasema. "Kesho mtanitia aibu. Mura, rudisha mwanzo."